Chai ya Nauli

Tarehe 9 Septemba 1959, ndege ya kukodi ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81 kutoka Kenya. Waandishi wameipenda sana ndege hiyo, na si ajabu. Ndani ya kisa chake yumo Tom Mboya, yumo Jackie Robinson wa besiboli, wamo Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka uliofuata inaingia familia ya Kennedy. Ni kisa chenye watu maarufu na chenye mwisho mzuri.

Lakini ndege ni sehemu fupi kuliko zote katika safari ya kwenda kusoma nje. Sehemu ndefu iko kabla yake: miezi, pengine miaka, ya kutafuta chuo, kuandika barua, kusubiri majibu, kuhesabu pesa na kumshawishi baba. Huko ndiko ninakotaka twende. Wale vijana walichaguaje? Walijuaje kwamba chuo fulani kipo, na kwamba kinafaa? Nani alilipa, na alitaka nini? Walipanga kurudi vipi? Nasoma shahada ya uzamili ya historia, nina fomu mbili za ufadhili ambazo bado sijazijaza, na maswali hayo nayasoma kama mtu anayesoma barua yenye jina lake juu ya bahasha.

Tuanze na mlango wenyewe. Kijana wa Kenya aliyemaliza sekondari mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na chuo kimoja kikuu cha kukitazamia karibu na kwao, nacho ni Makerere, kule Kampala. Makerere ilipokea vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi nne zikigombania viti vichache. Nairobi ilikuwa na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, nayo ilikuwa changa. Dar es Salaam haikuwa na chuo kikuu hata kidogo. Kilianza Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, ndani ya jengo la TANU.

Kwa hiyo palikuwa na kundi kubwa la vijana waliofaulu vizuri, ila si vizuri vya kuwatosha Makerere. Hao waliambiwa wawe makarani, walimu au wakaguzi wa afya. Mboya mwenyewe alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika vyama vya wafanyakazi. Hakuwa na shahada. Alichokuwa nacho ni mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, kati ya 1955 na 1956, na hasira ya mtu aliyeona jinsi kizingiti kilivyowekwa juu kwa makusudi.

Ilikuwapo pia njia ya serikali. Julius Nyerere, aliyekwisha kumaliza Makerere na kufundisha Tabora, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Ni njia iliyozaa mtu mkubwa, lakini tazama ilivyofanya kazi: aliyelipa ndiye aliyechagua. Serikali iliamua ni wangapi waende na waende nchi gani, na kwa kawaida nchi hiyo ilikuwa Uingereza. Mwanafunzi aliomba nafasi iliyokwisha kuchongwa na mtu mwingine. Aliyetaka kwenda kwingine alilazimika kujichongea.

Kujichongea kulianza na kumjua mtu aliyetangulia. Mbiyu Koinange aliondoka Kenya mwaka 1927 kwenda Hampton, chuo cha Wamarekani weusi huko Virginia, kisha akaendelea Ohio na Columbia. Aliporudi mwaka 1938, hakurudi na cheti tu. Mwaka uliofuata alikuwa akiongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya watu, ambacho serikali ilikuja kukifunga mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari. Kwa Waafrika Magharibi mnyororo ulikuwa wa namna hiyo hiyo: Nnamdi Azikiwe alisoma Lincoln, Pennsylvania, na Kwame Nkrumah akamfuata huko mwaka 1935. Mwaka 1956 Julius Gikonyo Kiano alirudi Nairobi kutoka California, Mkenya wa kwanza mwenye shahada ya udaktari, na vijana wakawa na mtu wa kumwendea na kumuuliza: Mwalimu, huko ukoje?

Naona hili lina uzito kuliko tunavyolipa. Leo tukisema mtu amechagua chuo, tunamwona amekaa mbele ya orodha akilinganisha. Wale walichagua kwa kumfuata mtu. Lincoln na Howard havikuwa majina ya juu katika orodha yoyote. Vilikuwa vyuo ambavyo Mwafrika aliwahi kufika, akapokelewa, akamaliza, akarudi na kusimulia. Taarifa hiyo haikuwa kwenye kitabu chochote cha chuo. Ilikaa kichwani mwa mtu, na ulipaswa kumtafuta mtu huyo.

Halafu zikaja barua. Vijana wa Nairobi walinakili anwani za vyuo vya Marekani, wakaandika, wakangoja. Barack Obama, baba wa rais wa baadaye, ni mfano mzuri kwa sababu hakuwa na sifa za kumfikisha popote kwa njia ya kawaida. Hakumaliza Maseno. Akiwa karani Nairobi alijisomea kwa posta, akasaidiwa na wanawake wawili wa Kimarekani waliofanya kazi ya elimu pale mjini, akaandika barua baada ya barua kwa vyuo vingi. Kilichomkubali ni Chuo Kikuu cha Hawaii, kisiwani katikati ya Pasifiki, na alikwenda mwaka huo huo wa 1959. Hakuwa ndani ya ile ndege ya wanafunzi 81, ingawa mara nyingi husimuliwa kama alikuwemo. Je, alichagua Hawaii? Alichagua kuandika. Hawaii ilichagua kujibu.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, ndipo tatizo la kweli lilipoanza. Vyuo kadhaa vya Marekani vilikuwa tayari kusamehe ada, vingine vikatoa malazi na kazi ndogo ya chuoni. Lakini hakuna chuo kilichosema kitakutoa Nyeri au Kisumu hadi mlangoni pake. Nauli ya ndege ilizidi mapato ya familia nyingi kwa mwaka mzima au zaidi. Kulikuwa na vijana wenye barua mbili tatu za vyuo ndani ya sanduku, wasio na njia ya kuvuka bahari.

Hapo ndipo watu walipochemsha chai. Karamu za chai za kuchangisha pesa zilikuwa desturi iliyojulikana Kenya ya wakati huo. Unaalika ukoo, kanisa, majirani na chifu kama mnapatana. Kila mtu anakunywa kikombe na kukilipia kwa bei isiyo na uhusiano wowote na majani yaliyomo. Familia ziliuza ng'ombe, nyingine ziliuza kipande cha shamba. Mtoto mmoja alipopanda ndege, nauli yake ilikuwa imeshapita kwenye mikono ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma jina la chuo anachokwenda.

Chai hiyo haikuwa zawadi. Kila aliyelipa kikombe alinunua haki ndogo juu ya maisha ya yule kijana: haki ya kumuuliza alipata alama gani, haki ya kumletea mwanawe amtafutie shule, haki ya kumtarajia arudi. Hakuna mkataba ulioandikwa, na kwa sababu hiyo hakuna ambaye angeweza kuufuta. Mipango ya kurudi ilianza pale pale kwenye chai, kabla hata pasipoti haijatoka.

Kazi ya Mboya ilikuwa kuichukua chai hii na kuipeleka mbali. Mwaka 1959 alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia, na alichoomba hakikuwa kigumu kueleweka: vijana wana vyuo, hawana ndege. Rafiki yake, mfanyabiashara William X. Scheinman, aliunda shirika la African American Students Foundation. Robinson, Belafonte na Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango kwa umma wa Marekani. Huku Nairobi, Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri waliwachuja waombaji. Ukiitazama kwa mbali, ni karamu ya chai yenye wageni wa mabara mawili.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema vyuo vingine vya Marekani ni hafifu na wanafunzi hawajaiva. Huenda baadhi ya vyuo vilikuwa hafifu kweli. Lakini aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa mlango mwembamba wa Makerere, na hakuna aliyeshindwa kuelewa kwa nini alipendelea mlango ubaki ulivyo.

Mwaka 1960 waombaji waliongezeka kuliko pesa. Mboya alikwenda kumwona Seneta John F. Kennedy huko Hyannis Port, tarehe 26 Julai, siku chache baada ya Kennedy kuteuliwa kugombea urais. Mfuko wa familia ya Kennedy ulikubali kutoa dola 100,000. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, iliyokuwa imekataa kusaidia, ghafla nayo ikajitokeza na ahadi yake, kwa kuwa upande wa Nixon haukutaka Kennedy apate sifa peke yake mbele ya wapiga kura weusi. Nauli ya kijana wa Murang'a ikawa hoja katika uchaguzi wa Marekani.

Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine, ambayo haina picha nzuri kama za New York. Oginga Odinga, aliyezuru nchi za kisoshalisti mwaka 1960, alitafuta nafasi za masomo Moscow, Leipzig, Prague na kwingineko. Serikali ilikataa kuwapa wengi wa vijana hao pasipoti. Basi walitoroka: wakaingia Uganda, wakapanda kaskazini hadi Sudan, wakaufuata mto Naili hadi Cairo, ambako wapigania uhuru wa Kenya walikuwa na ofisi. Kutoka Cairo ndipo walipopata tiketi. Moscow ilikuwa imefungua mwaka huo huo wa 1960 chuo kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kirusi. Waliokwenda Ujerumani Mashariki walianza na Kijerumani katika Taasisi ya Herder, Leipzig. Ukichagua upande huo, ulichagua pia lugha ambayo ungeota ndani yake kwa miaka mitano.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru, wahenga walisema. Wakubwa wawili waligombana, na kwa miaka michache ugomvi wao ukawa mlango kwa vijana ambao mkoloni mmoja alikuwa amewafungia. Hadi mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wamepitia mpango wa Mboya pekee. Lakini kunguru naye ana hesabu za kulipa. Kijana aliyepanda ndege ya Mboya alionekana mtu wa Mboya. Aliyevuka Sudan alionekana mtu wa Odinga. Wengi hawakuwa watu wa yeyote. Walikuwa watu wa ufadhili uliotangulia kujibu.

Jambo moja walilolipanga kwa kubahatisha ni mahali. Kitabu cha chuo kilieleza masomo, maktaba na tarehe ya kufungua. Hakikusema ni mkahawa upi ungekuruhusu kuketi. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi weusi wanne wa chuo kimoja cha North Carolina waliketi kwenye kaunta ya chakula mjini Greensboro, wakakataa kuondoka. Wanafunzi wetu walikuwa wakifunga masanduku kuelekea nchi hiyo hiyo. Upande wa pili haukuwa salama zaidi kwa sababu ya itikadi. Februari 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana Sofia, Bulgaria, na wengi wakaihama nchi. Desemba mwaka huo mamia waliandamana hadi Red Square, Moscow, baada ya mwenzao kutoka Ghana kukutwa amekufa. Magharibi na Mashariki zilishindana kuonyesha ni nani anayempenda zaidi Mwafrika, na ngozi ya mwanafunzi ndiyo iliyopata majibu.

Katika wale wa mwaka 1960 alikuwemo Wangari, binti wa Nyeri aliyekuwa amemaliza Loreto Limuru akiwa na nia ya kwenda Makerere. Nafasi ya Marekani ilimfikia kupitia Kanisa Katoliki, na chuo alichopangiwa ni cha watawa wa Kibenediktini: Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Ukiitafuta Atchison kwenye ramani ya ndoto za vijana wa Nairobi, hutaiona. Alisoma biolojia, akamaliza 1964, akapata shahada ya uzamili Pittsburgh. Kisha akafanya lile ambalo washauri wote wa leo wangelisifu: hakurudi hivi hivi. Alirudi mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi, msaidizi wa utafiti wa profesa wa zoolojia katika chuo kikuu cha Nairobi.

Alipofika kuripoti, aliambiwa kazi imeshapewa mtu mwingine. Baadaye, katika kitabu chake Unbowed, aliandika kwamba aliona ukabila na ubaguzi dhidi ya wanawake katika uamuzi huo. Barua aliyokuwa nayo ilikuwa halali. Mlango ndio ulikuwa umefungwa kutoka ndani. Alipata nafasi nyingine katika idara ya anatomia ya mifugo chini ya profesa Mjerumani, akaenda Ujerumani kwa utafiti, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari Nairobi. Dunia ilimjua kama Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004.

Tunapenda kukimbilia Nobel. Mimi nabaki kwenye ule mwezi wa Januari 1966, kwa msichana wa miaka 25 mwenye barua isiyofungua kitu. Kwa sababu hapo ndipo historia hii inapotuambia jambo ambalo vipeperushi vya ufadhili havisemi: unaweza kupanga kwenda peke yako, lakini kurudi hupangwa na waliobaki. Waliosoma nchi za Mashariki walilijua zaidi. Wapo waliorudi na shahada halisi, za udaktari wa binadamu na za uhandisi, wakakuta vyeti vyao vinatiliwa shaka kwa sababu ya mahali vilipotoka. Na Julai 1969 Mboya mwenyewe, aliyewapandisha ndege mamia, aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi, katika nchi ambayo wanafunzi wake walikuwa wamerudi kuijenga.

Sasa sisi. Orodha yetu ni ndefu kuliko yao: Chevening ya Uingereza, DAAD ya Ujerumani, Erasmus Mundus ya Ulaya, ufadhili wa serikali ya China wenye mwaka wa lugha kama ule wa Moscow. Hakuna anayevuka Sudan kwa siri. Tunajaza fomu usiku, mtandao unapokuwa na kasi, na tunaandika barua za kujieleza ambazo ndani yake kila mmoja anasema ataibadilisha nchi yake. Chevening inataka urudi nyumbani angalau miaka miwili. Nimewasikia wenzangu wakilalamikia sharti hilo kama kifungo. Naelewa, ajira zetu si za kumrudisha mtu mbio. Lakini sharti la kurudi si jambo la kigeni tuliloletewa. Lilikuwa ndani ya kikombe cha chai. Tofauti ni kwamba zamani aliyelidai alikuwa amekaa na wewe benchi moja, naye alikuwa na wajibu wa kukupokea.

Sitaki kuipamba ile karamu. Ilichangia wavulana kwa urahisi kuliko wasichana. Ilimfaa mwenye ukoo mkubwa kuliko yatima, na aliyefahamiana na wakubwa kuliko asiyefahamika. Wengine walilipiwa chai wakabeba deni lililowazidi, wakashindwa kuandika nyumbani. Hata hivyo ilimlazimisha kila anayeondoka kujibu maswali matatu hadharani, ambayo leo tunaweza kufika uwanja wa ndege bila kuulizwa: anayekulipia anataka nini, nani ametangulia huko na amerudi na kusema nini, na ukirudi utashika kazi gani.

Hivi karibuni niliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango. Mwenzetu mmoja amepata nafasi Uingereza. Ada na tiketi vimelipwa, ila kuna pesa za viza, kipimo cha kifua kikuu na koti la baridi, na vyote vinatakiwa kabla ya posho ya kwanza. Michango ikaingia kwa simu, elfu tano, elfu kumi, kila mmoja akishukuriwa kwa jina. Kisha shangazi yake, aliyekuwa ametuma elfu ishirini, akaandika: "Hongera mwanangu. Na ukirudi, kazi iko wapi?"

Kundi likanyamaza. Vijana wawili wakatuma vikatuni vya kucheka, mmoja akaniandikia pembeni kwamba wazee hawajui kufurahi. Mimi nilifikiri shangazi ndiye pekee aliyekuwa akipanga safari. Mwenzetu alijibu kesho yake asubuhi, kwa ujumbe mrefu: ametaja taasisi mbili alizokwisha kuziandikia, na mtu mmoja aliyesoma kozi hiyo hiyo, akarudi, na wiki ijayo watakutana. Shangazi akajibu kwa neno moja, "Sawa," halafu akatuma elfu kumi nyingine.